Kosa la 429 Halitibiwi kwa Pesa

Swali huja kwa maneno yale yale: "Tuongeze RU hadi ngapi ili 429 iondoke?" Anayeuliza ni mhandisi wa data wa benki, wa kampuni ya mikopo au wa mfumo wa hospitali. Amejenga paipulaini inayochota miamala usiku kutoka mifumo ya zamani na kuiandika kama hati za JSON ndani ya Azure Cosmos DB. Kazi inakwama njiani, hifadhidata inarudisha 429, yaani maombi yamezidi kiwango kilicholipiwa, ambacho hupimwa kwa RU (Request Units) kwa sekunde, na mtu wa kwanza kuombwa ushauri anasema pandisha kiwango. Kinapandishwa. Mwisho wa mwezi ankara imekuwa mara mbili na 429 ipo pale pale. Hapo ndipo ninapoulizwa kiongezwe tena hadi ngapi.

Kisiongezwe. Kabla hujagusa kiwango, niambie ufunguo wako wa partisheni, yaani uga unaoamua hati ikae wapi, ni upi. Mara nyingi mno naambiwa ni tarehe, na mazungumzo ya RU yangepaswa kuishia hapo.

RU hununuliwa kwa kontena zima, lakini hazitumiki kwa kontena zima. Hugawanywa sawasawa kwa partisheni halisi zilizo chini yake, na partisheni halisi moja haivuki RU 10,000 kwa sekunde wala GB 50 za data. Hili si siri. Microsoft wameliandika kwenye maelezo yao. Sasa piga hesabu. Una kontena la RU 40,000 lenye partisheni nne, kila moja ina 10,000. Ufunguo ni tarehe, kwa hiyo hati zote za leo zina thamani moja ya ufunguo, na hati zenye thamani moja hukaa pamoja kwenye partisheni halisi moja. Paipulaini yako inaandika hati za leo tu. Partisheni moja inaelemewa, tatu hazina kazi, na unazilipia zote nne. Pandisha hadi 80,000: partisheni zinakuwa nane, ile ya leo inabaki na 10,000 zake. Umelipa maradufu na hujapata nafasi ya kuandika hati hata moja zaidi kwa sekunde. Ni benki iliyofungua madirisha manane huku tangazo la mlangoni likiwaelekeza wote wenye shughuli ya leo kwenye dirisha la nne.

"Lakini kwetu ilisaidia." Naam, na ndiyo sababu imani hii haifi. Kama ulikuwa na RU 20,000 kwenye partisheni nne, kila moja ilikuwa na 5,000. Ulipopanda hadi 40,000, partisheni ya leo ilipata 10,000 na kwa muda ikapumua. Ulinunua 20,000 ili utumie 5,000. Data ilipoongezeka kidogo 429 ikarudi, na safari hii dari limeshafikiwa.

Ubaya zaidi uko kwenye kushuka. Ukapanda tena hadi 80,000, partisheni zikawa nane. Idara ya fedha inalalamika, unarudisha kiwango kwenye 20,000 ukidhani umerudi ulipoanzia. Hukurudi. Partisheni zilizogawanyika ulipopanda haziungani zenyewe unaposhuka. RU 20,000 sasa zinagawanywa kwa nane badala ya nne, kila moja inaambulia 2,500, nusu ya ulichokuwa nacho kabla ya "tiba". Pia, kiwango cha chini unachoruhusiwa kushukia hakipungui chini ya asilimia moja ya kiwango cha juu kabisa ulichowahi kukiweka. Nimeona timu zikihangaika kutafuta hitilafu kwenye msimbo wao, kumbe kilichoharibika ni zoezi lile la kupandisha na kushusha ambalo kila mtu alilichukulia kuwa halina madhara. Lina madhara, na hayaondoki kwa kurudisha namba ilipokuwa.

Wengine huikwepa tarehe wakachagua nchi. Kama wateja wako karibu wote wako Tanzania, hujagawanya kitu. Zaidi ya hapo, thamani moja ya ufunguo haivuki GB 20. "TZ" ikijaa, hifadhidata inakataa hati mpya, na hapo hakuna kiwango cha kununua.

Kuna dada wa tatizo hili, na yeye ananikera kuliko 429: hati pacha. Paipulaini hutuma fungu, hifadhidata inaandika, mtandao unakatika kabla jibu halijarudi. Paipulaini haijui kama kazi ilifanyika, basi inarudia. Hivyo ndivyo mifumo hii ilivyoundwa na ndivyo inavyotakiwa kufanya, kwa sababu ikiacha kurudia itapoteza data. Ila ukiiacha hati bila kitambulisho, Azure Data Factory, huduma ya Azure ya kuendesha paipulaini, itaitungia kipya kila inapoandika, na muamala mmoja wa mteja utakuwa miwili. Watu husikia hivyo wakaweka apsati, ile namna ya kuandika inayobadilisha hati kama ipo na kuiweka kama haipo, wakalala usingizi. Apsati hutambua hati kwa kitambulisho. Kitambulisho kikiwa kipya kila mara, kila hati ni ngeni kwake.

Na hata kitambulisho kikiwa sahihi, upekee wake hulindwa ndani ya thamani moja ya ufunguo tu. Hapa tarehe inaumiza mara ya pili, hasa tarehe ya kuingizwa data. Saa za wingu ni UTC, saa tatu nyuma yetu, kwa hiyo siku hubadilika saa tisa usiku, katikati kabisa ya kazi za usiku. Fungu lililokatika saa tisa kasoro dakika mbili na kurudiwa saa tisa na dakika tatu linaingia chini ya tarehe nyingine. Kitambulisho ni kile kile, apsati imewashwa, na pacha wamezaliwa. Tafadhali usiniambie una programu ya kufuta pacha kila alfajiri. Inatumia RU kusoma, inatumia RU kufuta, na hadi imalize, salio unalomwonyesha mteja si la kweli.

Usidhani kuhama kutakuokoa. DynamoDB huipa partisheni moja vizio 1,000 vya kuandika kwa sekunde. Firestore, ukiweka faharasa kwenye uga unaopanda kwa mfuatano kama muda, mkusanyiko wako unaishia hati kama 500 kwa sekunde. Hifadhidata zote hizi hutegemea kazi itawanyike, na saa haitawanyiki.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua grafu za matumizi ya RU katika Azure Monitor, zigawe kwa kila partisheni: moja ikigota asilimia 100 na nyingine zimelala, tatizo ni ufunguo. Zote zikigota, hapo kweli ongeza. Maombi yanayopata 429 yakiwa asilimia 1 hadi 5 na kazi inaisha kwa wakati, usifanye chochote; maktaba za Cosmos DB hujaribu tena zenyewe hadi mara 9. Chagua ufunguo wenye thamani nyingi ambao pia unautumia kutafuta: namba ya akaunti, ya mgonjwa, ya mkopo. Kama unagawa kwa wakala na mmoja ana data nyingi kuliko wengine wote, tumia ufunguo wa ngazi, kwa mfano wakala kisha akaunti. Ufunguo wa kontena lenye data hauhaririwi. Tengeneza kontena jipya, nakili, hamisha. Kitambulisho kitoke kwenye chanzo, kama namba ya muamala, na uhakikishe kwenye ramani ya safu kwamba kweli kinafika. Kisha washa apsati, maana isipochaguliwa Data Factory huingiza tu. Ukiambiwa ombi ni kubwa mno, punguza ukubwa wa fungu: kawaida ni 10,000, na ombi moja halizidi MB 2. Ondoa faharasa kwenye uga usioutafuta, kwa sababu Cosmos DB huweka faharasa kwenye kila uga usipoikataza, na kila moja hupandisha gharama ya kuandika. Kazi tano zisianze dakika moja. Mwisho, peleka faili lile lile mara mbili, mara ya pili baada ya saa tisa usiku, kisha uhesabu hati. Idadi ikiongezeka, mfumo haujawa tayari kupokea pesa za watu.