Kufuma vitambaa kwenye giza la Umeå

Mwezi wa Desemba hapa Umeå, kaskazini mwa Uswidi, jua huchomoza yapata saa tatu na nusu asubuhi, na kabla ya saa nane mchana limeshazama. Sala za Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinafuatana mbio mbio kiasi kwamba ukizubaa kazini moja inakupita. Mimi nimekulia Tanga, ambako siku ndefu na siku fupi ya mwaka hazipishani hata saa moja. Saa moja asubuhi kwetu watu wameshakunywa chai. Huku saa moja ni giza totoro, nami nimo ndani ya basi naelekea kwenye nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi.

Baridi si tatizo kubwa, maana baridi ina dawa yake: koti, soksi za sufu, viatu vya maana. Giza ndilo linaloingia mwilini. Unalala usiku kucha na bado unaamka umechoka. Unatamani wali, mikate na vitu vitamu kutwa nzima. Simu ya nyumbani inaita, unaitazama tu mpaka ikatike. Shangazi yangu aliponisikia sauti imelegea alisema nifanyiwe kisomo. Kisomo nilikipokea kwa mikono miwili, lakini jambo hili lina maelezo yake ya kitabibu pia.

Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani waliielezea hali hii: sonona inayomjia mtu majira ya baridi na kumwachia jua linaporudi. Mwanga unaoingia machoni asubuhi ndio unaouambia ubongo kwamba kumekucha, na homoni ya usingizi, melatonini, ipungue. Mwanga usipokuja, saa ya mwili inachelewa. Ndiyo maana watu hukaa asubuhi mbele ya taa maalumu yenye nguvu ya luksi 10,000 kwa nusu saa hivi. Hapa Umeå mwaka 2012 shirika la umeme la mji liliweka taa za namna hiyo kwenye vituo vya mabasi vipatavyo 30, ili abiria waote mwanga huku wakisubiri.

Taa ninayo na sijaiacha. Ila taa inakupa asubuhi tu. Jioni, ambayo huku huanza mchana, unabaki wewe na kochi.

Mwanasaikolojia Kelly Rohan wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, aliwagawa watu 177 wenye sonona hii makundi mawili. Kundi moja lilitumia taa, jingine likafundishwa kubadili namna wanavyoyawaza majira ya baridi na kujipangia shughuli za kupendeza badala ya kujifungia. Mwanzoni makundi yote mawili yalipata nafuu karibu sawa. Lakini ilipofika baridi ya pili baada ya tiba, sonona iliwarudia asilimia 46 hivi ya kundi la taa, na asilimia 27 ya kundi la pili. Shughuli peke yake siyo iliyofanya kazi yote hiyo, lakini ilikuwa sehemu ya dawa.

Shughuli yangu ni kufuma kwa sindano ya kroshia. Nani aliyekulia kwetu asiyejua vitambaa vya makochi, vya redio, vya meza, hadi cha kufunikia mtungi? Uzi ule mwembamba mweupe wa nyumbani simshauri mtu auanzie huku, utamtoa machozi. Chukua uzi mnene wa sufu na sindano namba 5. Na usinunue uzi mweusi wala bluu iliyokolea, hata kama rangi imekuvutia dukani: jioni za Desemba huwezi kuona tundu la kupitishia sindano. Mimi nafumia rangi ya njano na ya chungwa.

Kitambaa cha duara kinaanzia katikati. Unafuma vitanzi vichache, unaviunga kuwa pete, kisha unazunguka. Kila mzunguko lazima uongeze vitanzi. Usipoongeza, kitambaa kinajikunja kama bakuli. Ukizidisha, pembeni kinapinda mawimbi. Kwa hiyo unahesabu, na mtu anayehesabu vitanzi hana nafasi ya kuhesabu matatizo yake. Mikono yote miwili ina kazi, simu haishikiki. Hilo kwangu ni nusu ya faida, kwani kuperuzi simu gizani nakuhesabu kuwa ugonjwa mwingine.

Bibi mmoja kule kazini, aliyefuma maisha yake yote, hawezi kunitazama akanyamaza. Mimi nashika sindano kama kalamu, yeye anaishika kama kisu cha kukatia mkate, na kila mmoja anamwona mwenzake hajafundishwa. Tunabishana, chai inapoa, zamu inaisha.

Kama kufuma hukupendi, jirani yangu kutoka Bukavu anaotesha dania na pilipili chini ya taa dirishani, na wengine wanacheza bao. Chagua kitu cha mikono, cha bei ndogo, ambacho unaweza kukiona kikikua. Anza Oktoba, kabla giza halijakukamata, na jipangie saa maalumu. Usisubiri hamu. Hamu haiji kwanza. Unafuma mizunguko miwili bila kupenda, ndipo inakuja.

Kama wiki mbili zinapita hutoki kitandani, huli, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, uzi si kazi yake hiyo: nenda kwa daktari. Ukiwa Uswidi, piga 1177, upate ushauri wa afya saa yoyote, usiku na mchana. Maisha yakiwa hatarini papo hapo, piga 112.