Meza ya Kazi Inataka Mafuta, Si Vanishi

Wengi wakimaliza kuunda meza ya kazi kwa ajili ya karakana ya nyumbani, huipaka vanishi ileile waliyoipaka kwenye kabati la sebuleni. Meza hutoka iking'aa, lakini kinga hiyo haiifai kazi inayoisubiri.

Vanishi hukaa juu ya ubao ikawa utando mgumu. Juu ya kabati hakuna anayegonga patasi, kwa hiyo utando hudumu. Juu ya meza ya fundi, nyundo ikianguka mara moja utando hupasuka, unyevu hupenya kwenye ufa, na vanishi huanza kubanduka. Kuitengeneza vizuri mara nyingi ni kuikwangua yote na kuanza upya. Isitoshe, uso wa namna hiyo huteleza, na kipande cha mbao kinachoponyoka chini ya randa au msumeno huhatarisha vidole.

Mafuta ya kitani, kwa upande wake, huzama ndani ya mbao, kisha huungana na oksijeni ya hewani na kuwa magumu humohumo. Si mafuta yote yana tabia hiyo. Mafuta ya nazi hayakauki. Yatabaki yakishika vumbi na kuchafua kila unachokiunda. Chagua mafuta ya kitani yanayouzwa kwa jina la "yaliyochemshwa". Mengi ya siku hizi hayakuchemshwa, bali yametiwa viambato vya metali vya kuharakisha ukaukaji, na ndiyo sababu hayafai kwa vibao vya kukatia nyama au mboga. Yale mabichi huchukua siku nyingi, hata wiki, kabla ya kukauka.

Anza kwa kusawazisha uso kwa randa, kisha piga msasa namba 120 na kumalizia na 150. Usizidishe, kwani meza ya kazi inapaswa kushika kidogo. Futa vumbi lote. Ikiwa mbao ni za msaji, zifute kwanza kwa thina, maana mafuta yake ya asili huchelewesha ukaukaji. Kwa mkono wa kwanza, changanya mafuta na tapentaini nusu kwa nusu ili yapenye zaidi. Subiri kama dakika 20, halafu futa yote yaliyobaki juu. Yakiachwa yatakuwa utando unaonata. Kesho yake, au yakishakauka, paka mkono wa pili wa mafuta matupu na uyafute vivyo hivyo.

Usisahau upande wa chini na vichwa vya mbao, ambavyo hunyonya kuliko uso. Mbao hutanuka wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, na upande mmoja ukipata unyevu upesi kuliko mwingine, ubao hupinda. Mafuta hupunguza kasi ya unyevu lakini hayauzuii. Kwa hiyo, skrubu zinazoshika uso wa meza zipite kwenye matundu marefu, ili mbao zipate nafasi ya kujongea.

Jambo lisilofaa kupuuzwa hata siku moja ni matambara. Mafuta ya kitani hutoa joto yanapokauka. Tambara lililokunjwa au kurundikwa huzuia joto hilo kutoka, likaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Lianike wazi nje, limekunjuliwa, mpaka likauke na kukakamaa, au litie kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko.

Baada ya hapo utunzaji ni mwepesi. Unapounga kwa gundi au kupaka rangi, tandika kipande cha hadibodi. Tone la gundi nyeupe likikauka juu ya meza, likwangue kwa patasi kuukuu. Uso ukionekana mkavu na kupauka, upige msasa kidogo na kupaka mkono mmoja wa mafuta. Sehemu iliyoumia hutengenezwa peke yake, na meza hurudi kazini bila kuvuliwa kinga yake yote.