Isotopu za Risasi na Swali la Asili ya Metali katika Bronzi za Nasaba ya Shang, China

Bronzi ni aloi ya shaba na bati, ambayo mara nyingi huongezewa risasi. Katika China ya nasaba ya Shang (takribani 1600–1046 KK), aloi hiyo ilitumika kusubu vyombo vya matambiko ya wahenga. Uchimbaji wa kiakiolojia ulioanza mwaka 1928 huko Yinxu, karibu na Anyang, umefichua vyombo vingi pamoja na karakana zilizovitengeneza. Hata hivyo, swali la mahali ilikotoka metali bado lina mgogoro.

Ufundi wenyewe unaeleweka vyema. Fundi alifinyanga kielelezo cha udongo, akakigandamizia udongo mwingine kwa nje, kisha akaukata vipande na kuvichoma. Vipande hivyo viliunganishwa kuzunguka kiini, na metali iliyoyeyuka ikamiminwa katika uwazi uliobaki. Mishono ya kalibu bado huonekana katika vyombo vingi. Chombo cha Houmuwu, kilichofukuliwa Anyang mwaka 1939, kina uzito wa takribani kilo 833. Aloi yake ni takribani asilimia 85 ya shaba, 12 ya bati na 3 ya risasi. Bati huongeza ugumu, na risasi huirahisishia metali kutiririka ndani ya kalibu.

Risasi hiyo ndiyo msingi wa utafiti wa asili. Isotopu zake za 206, 207 na 208 huongezeka kadiri urani na thoriamu zinavyooza kinururifu, ilhali 204 haiongezeki. Kwa hiyo uwiano wake hutofautiana kati ya machimbo. Katika miaka ya 1980, Jin Zhengyao alionesha kuwa bronzi nyingi za Shang zina uwiano wa 206 kwa 204 unaozidi 20, wakati risasi ya kawaida huwa karibu na 18. Alipendekeza asili ya kaskazini-mashariki mwa Yunnan, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Anyang. Watafiti wengine wameelekeza kwenye milima ya Qinling. Mwaka 2016, makala katika jarida la Scientific Reports ilidai kuwa asili hiyo ni Afrika.

Dai hilo la mwisho linabainisha mipaka ya mbinu yenyewe. Kwanza, tofauti ya uwiano inaweza kuliondoa chimbo fulani katika orodha, lakini ulinganifu pekee hauthibitishi asili, kwa kuwa machimbo yaliyo mbali yanaweza kufanana. Pili, katika bronzi iliyoongezewa risasi, isotopu hueleza asili ya risasi, si ya shaba wala bati. Tatu, kuyeyusha upya vyombo vikuukuu huchanganya risasi za asili mbalimbali. Zaidi ya hayo, usafirishaji wa masafa hayo ungehitaji ushahidi wa njia, karakana na mabaki ya uyeyushaji, ambao haujapatikana kwa upande wa Afrika.

Hivyo, takwimu za isotopu hupata uzito pale zinaposomwa sambamba na ushahidi wa machimbo, mabaki ya uyeyushaji na kalibu. Zikisomwa peke yake, huonesha uwezekano tu.