Katumba: Waliohifadhiwa Wauhifadhi Msitu

Kiangazi kinapoingia Mpanda, nyasi za miombo hukauka na cheche moja yatosha kuteketeza pori. Kwa familia za Katumba, huo ndio wakati wa mtihani.

Makazi hayo yalifunguliwa msituni kuwapokea waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Mwaka 2014 wengi wao, pamoja na wenzao wa Mishamo na Ulyankulu, walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania. Ardhi iliyowahifadhi sasa ni nyumbani kwao, na msitu wake ni amana mikononi mwao.

Amana hiyo imo hatarini. Miti hukatwa iwe kuni za kukaushia tumbaku. Mti uliobanduliwa magome ya kutengenezea mzinga hufa. Mwenge wa mrina asali ukiachwa bila kuzimwa, huwasha nyika.

Wazazi wenzetu, sura ya 16 ya Qur'ani Tukufu inabeba jina la nyuki, naye Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa mti anaoupanda Muislamu, akala kwao mtu, ndege au mnyama, ni sadaka. Basi tuwazoeze wanetu kutundika mizinga ya mbao, kuzima mwenge kabla ya kuondoka, na kupanda miche mvua zikinyesha. Aliyehifadhiwa ana deni la kuhifadhi.