Maji ya mashimo ya dhahabu: twahara ni jambo moja, usalama ni jengine



Wapo vijana wetu wa Unguja na Pemba wanaokwenda Geita, Kahama na Shinyanga kutafuta riziki ya halali katika machimbo ya dhahabu. Suali linalowahusu ni hili: maji yaliyotuama katika mashimo yaliyoachwa, je, yafaa kunywa na kutilia udhu?

Kwanza tuyajue maji yenyewe. Wachimbaji wadogo husaga mawe kwenye makarasha, kisha hutia zebaki ili ikamate chembe za dhahabu. Mchanga unaobaki huitwa marudio, na ndani yake hubaki zebaki. Ukiachwa wazi, mvua huusomba hadi madimbwini, visimani na mitoni. Isitoshe, mawe yenye salfa yakikutana na hewa na maji hutoa tindikali inayoyeyusha sumu nyengine kama aseniki. Kwa hiyo shimo huweza kuchafua maji miaka mingi baada ya wenyewe kuhama.

Sumu hizi hazionekani wala hazinuki. Kuchemsha huua vijidudu tu. Aseniki haiondoki, bali hukolea kila maji yanapopungua. Zebaki nayo, ikifika kwenye tope, hugeuzwa na bakteria ikaingia katika samaki, na madhara yake makubwa ni kwa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, kupunguza matumizi ya zebaki.

Ama hukumu: zebaki na aseniki ni sumu, si najisi. Maji hayo, madamu hayakuingiwa na najisi na bado yanaitwa maji, udhu wake unasihi. Lakini kunywa kinachojulikana kuwa kinadhuru ni haramu, wala mzazi hawezi kumnywesha mwanawe kwa hoja kuwa ni twahara. Na daktari mwaminifu akisema kuyagusa kunadhuru, mtu atayammamu.

Mwenye kuacha shimo na marudio bila ya kuyadhibiti naye asidhani amesalimika. Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru wengine, na amekataza mtu kujisaidia penye maji ya watu, basi vipi kwa mwenye kuacha sumu hapo?

Wazazi, waulizeni vijana wenu wanakunywa maji gani. Kahama na Shinyanga yapo maji ya bomba kutoka Ziwa Victoria. Wayafuate hayo, hata kwa gharama.

Wallahu a'lam.