Kinachoziua Barua za Wazee

Masika yakiingia pwani ya Kilifi, unyevu hupenya hadi ndani ya sanduku la bati lililo uvunguni mwa kitanda. Humo ndimo barua za zamani hulala: zile nyembamba za samawati zilizokuja kwa ndege kutoka Arabuni, za ndugu aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi, za posa. Siku hizi wapo wanaozitoa na kuzipanga kwenye albamu, wajukuu wazione.

Karatasi ya bei nafuu hutokana na mbao, na ndani ya mbao mna lignini, ambayo hugeuka manjano ikipigwa na mwanga. Asidi iliyobaki tangu kiwandani nayo hukata nyuzi polepole, mpaka barua inavunjika penye mikunjo. Joto huharakisha uharibifu huo. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 70 kwa siku kadhaa, kuvu huota, na Malindi kiwango hicho hupitwa mara nyingi. Chumvi ya bahari huzidisha kutu ya pini zilizoshika karatasi.

Lakini hali ya hewa si hukumu. Mwaka 1711 ziliandikwa Kilwa barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambazo ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya lugha hii yanayojulikana. Zimehifadhiwa Goa, India, pwani nyingine ya joto na monsuni. Karatasi ya enzi hizo ilitengenezwa kwa vitambaa chakavu vya kitani na pamba, vyenye lignini kidogo sana.

Barua za karne ya 20 hazina bahati hiyo, na mara nyingi anayezimaliza ni anayezipenda. Akiipeleka barua ikafanyiwe lamineshoni ya plastiki, gundi huyeyuka kwa joto na kushikana na nyuzi. Asidi hubaki humo humo, na kuibandua barua kutoka kwenye plastiki bila kuichana ni vigumu mno. Selotepu huacha doa la kahawia. Mifuko ya plastiki ya PVC hutoa asidi yake yenyewe.

Wahifadhi kwingineko husifu gundi ya wanga wa ngano, kwa kuwa hutoka kwa maji. Pwani, wanga huo ni chakula cha mende. Afadhali pembe ndogo za karatasi isiyo na asidi zishike barua bila gundi, na majina yaandikwe pembeni kwa penseli. Zilizo kwa herufi za Kiarabu zisomwe kwanza na mzee anayezijua, huku simu ikirekodi sauti yake.