Kabla ya Kulipa Ada ya Maombi: Mwongozo kwa Mwombaji wa Shahada ya Uzamili katika Sera na Utafiti wa Elimu

Elimu ya uzamili ni huduma ya aina ya pekee miongoni mwa huduma anazonunua mlaji. Hulipiwa kabla ya kupokelewa, hupokelewa kwa muda wa miaka, na mlaji asiporidhika hawezi kuirudisha dukani. Mwalimu aliyetumia akiba yake kusomea shahada ambayo baadaye mwajiri hakuitambua anaweza, kwa bahati, kurudishiwa fedha; miaka miwili aliyoitumia hairudi. Kwa sababu hiyo, kinga iliyo bora kwa mlaji katika eneo hili ni maswali anayoyauliza kabla ya kulipa shilingi ya kwanza.

Sehemu hii ya kijitabu inamlenga mwalimu, ofisa elimu kata, mtumishi wa asasi ya kiraia au mhitimu yeyote anayekusudia kuomba nafasi ya kusomea sera za elimu au utafiti wa elimu. Eneo hili limechaguliwa kwa kuwa majina ya programu zake yanakaribiana mno ilhali yaliyomo yanatofautiana, na mwombaji aliyekosea kuchagua hugundua kosa lake akiwa tayari amekwisha kulipa.

1. Fahamu unachokinunua

Programu za uzamili katika elimu zinaweza kugawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la uongozi na utawala, linalomwandaa mkuu wa shule au ofisa elimu kusimamia watu, fedha na ratiba. La pili ni la mipango na sera, linalochunguza jinsi maamuzi ya Serikali yanavyofikiwa, yanavyogharimiwa na yanavyotekelezwa. La tatu ni la utafiti na upimaji, linalodai takwimu, uandaaji wa madodoso na uchambuzi wa data. Baadhi ya programu huchanganya makundi haya: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kwa mfano, kina Shahada ya Uzamili ya Elimu katika Utawala, Mipango na Sera.

Jina la programu peke yake halitoshi. Omba orodha ya kozi zote na uhesabu: ni kozi ngapi zinahusu sera, ngapi zinahusu mbinu za utafiti, ngapi zinahusu utawala wa shule? Anayetaka kuwa mchambuzi wa data za elimu, akajikuta katika programu yenye kozi moja tu ya mbinu za utafiti, atahitimu akiwa na cheti kizuri na ujuzi asiouhitaji.

Uliza vilevile namna ya usomaji. Ipo shahada ya kozi na tasnifu, ambamo mwanafunzi huhudhuria masomo kwanza na kuandika tasnifu baadaye. Ipo pia shahada ya tasnifu pekee, ambamo mwanafunzi huongozwa na msimamizi tangu mwanzo. Hii ya pili huwafaa waliokwisha kuzoea utafiti. Kwa asiyeuzoea, miezi huweza kupita bila ukurasa mmoja kuandikwa.

2. Hakikisha chuo na programu vinatambuliwa

Nchini Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), iliyoanza kazi mwaka 2005 chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu, ndiyo yenye dhamana ya kutoa ithibati kwa vyuo vikuu na kuidhinisha programu zao. Mwombaji ajihakikishie mambo mawili yaliyo tofauti: kwamba chuo kinatambuliwa, na kwamba programu yenyewe, kwa ngazi ya uzamili, imeidhinishwa. Chuo halali kinaweza kutangaza programu ambayo idhini yake bado inashughulikiwa. Taarifa hizo zitafutwe kwa Tume yenyewe, kwa kuwa kipeperushi cha chuo ni tangazo la muuzaji.

Kwa vyuo vya nje, kanuni ni ileile: uliza chombo cha nchi husika. Kenya ina Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Uganda ina Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Nchini Marekani, serikali kuu haitoi ithibati moja kwa moja; kazi hiyo hufanywa na mashirika ya ithibati, na baadhi ya mashirika hayo yanatambuliwa na Wizara ya Elimu ya nchi hiyo huku mengine hayatambuliwi. Wauza vyeti hutumia mwanya huo kujitungia mashirika yao wenyewe na kutangaza kwamba wana ithibati. Neno hilo pekee lisikuridhishe. Uliza aliyeitoa, kisha uliza anayemtambua mtoaji.

Shahada iliyopatikana nje huwasilishwa TCU ili itambuliwe kabla ya kutumika nchini kwa ajira au masomo zaidi. Tume hiyo pia hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa Watanzania wanaokwenda kusoma nje. Ni vema kufuatilia hatua hizo kabla ya safari, wakati ambapo bado inawezekana kubadili uamuzi.

3. Hesabu gharama yote

Ada ya masomo ni sehemu tu ya gharama. Muulize ofisa udahili akupe kwa maandishi mchanganuo wa ada ya maombi, usajili, mitihani, usimamizi wa tasnifu, usahihishaji wa tasnifu na mahafali. Uliza pia kiasi kitakachotozwa iwapo muda wa kawaida wa masomo utapita kabla hujamaliza. Swali hilo huachwa na wengi, ilhali ndilo linaloweza kuwagharimu zaidi. Kozi za darasani zina ratiba; tasnifu haina kengele, na ada ya kuongezewa muda huweza kukusanyika kimyakimya.

Utafiti wenyewe una gharama. Anayekusudia kukusanya data shuleni hupata kwanza kibali cha chuo, kisha hupita ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa na ya Wilaya, na hatimaye kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kabla ya kukanyaga uwanja wa shule. Nauli, malazi na uchapaji wa madodoso huongezeka juu ya hayo. Mpango ulioweka mikoa mitatu katika karatasi huenda ukaweza kulipiwa wilaya moja tu.

Kwa mtumishi wa umma, ruhusa ya masomo ni sehemu ya gharama. Omba ruhusa ya maandishi mapema na uhifadhi nakala. Ahadi ya mdomo kutoka kwa mkuu anayeweza kuhamishwa kesho si ruhusa.

4. Andaa maombi yanayoonyesha unachotaka kujua

Maombi ya uzamili hupelekwa moja kwa moja chuoni. Vyuo vingi nchini hutaka angalau daraja la pili la chini katika shahada ya kwanza, yaani wastani unaoanzia 2.7 katika mizani ya 5. Chuo cha nje kikitumia mizani nyingine, andika wastani wako kama ulivyo kwenye hati yako ya matokeo, isipokuwa umeelekezwa vinginevyo. Kujigeuzia alama kwa makisio huweza kuonekana kama udanganyifu.

Sehemu inayompambanua mwombaji ni maelezo ya dhamira au andiko la utafiti. Udhaifu wa kawaida ni upana. Mwombaji anayeandika kwamba anataka "kuchunguza changamoto za elimu nchini" hajasema neno, kwa kuwa hakuna mtaalamu anayeweza kusimamia changamoto zote za nchi.

Linganisha na mwombaji anayeanzia kwenye uamuzi mmoja wa sera. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada hadi kidato cha nne, na utekelezaji ukaanza mwaka 2016. Mwombaji anaweza kuuliza: wazazi walipoacha kuchangia, kamati za shule za wilaya fulani zimelipiaje mlinzi, maji na chaki? Mwingine anaweza kuanzia uamuzi wa mwaka 2021 wa kuwaruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi katika shule za kawaida, akauliza walimu wakuu huwapokeaje na ni vikwazo gani vinabaki. Wa tatu anaweza kusoma Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, na kuchunguza sharti moja tu ndani yake. Maswali haya yana mahali, yana watu, na yanaweza kujibiwa na mtu mmoja kwa muda na fedha alizonazo.

Mwalimu wa darasani ana faida hapa ambayo mara nyingi haitambui. Ameona sera ikifika shuleni kama barua, kisha ikageuka kuwa msongamano wa madawati au foleni mlangoni pa mwalimu mkuu. Aandike alichokiona, aeleze kwa nini uzoefu huo peke yake hautoshi kuwa ushahidi, kisha aseme ni data gani angezihitaji ili ajue. Aya tatu za namna hiyo zina uzito kuliko kurasa za sifa binafsi.

Kabla ya kutuma, tafuta jina la mhadhiri anayefanya utafiti unaokaribiana na swali lako, na umwandikie barua pepe fupi ya heshima kuuliza iwapo anapokea wanafunzi. Programu isiyo na mtu wa kulisimamia swali lako itakupa msimamizi aliyepo, na huenda asiwe anayefaa.

Kuhusu wadhamini wa kitaaluma, chagua anayeifahamu kazi yako kuliko mwenye cheo kikubwa. Mhadhiri aliyesimamia utafiti wako wa shahada ya kwanza huenda amekusahau baada ya miaka saba. Mkumbushe kwa kumpelekea hati ya matokeo, nakala ya kazi hiyo na rasimu ya maelezo yako, na umpe walau wiki nne kabla ya siku ya mwisho.

Vyuo vya nje huweza kudai mtihani wa lugha. Matokeo ya IELTS na TOEFL hutumika kwa miaka miwili tu. Anayefanya mtihani mapema mno hulazimika kuulipia tena. Kwanza uliza chuo kama kinakubali uthibitisho kwamba shahada yako ya kwanza ilifundishwa kwa Kiingereza.

5. Ufadhili na mawakala

Mipango mikubwa ya ufadhili haimtozi mwombaji. Chevening ya Uingereza haina ada ya maombi. Humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, achague kozi tatu, na arejee nchini kwake kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Maombi ya Fulbright ya Marekani nayo hayalipiwi. Mtu anayekudai fedha ili "akuingize" katika mipango hiyo anauza kitu ambacho si chake.

Ni muhimu pia kujua kwamba Marekani na Uingereza hutofautiana. Uingereza, uzamili wa kozi huchukua kwa kawaida mwaka mmoja. Marekani, vyuo vingi hupokea katika uzamivu waombaji wenye shahada ya kwanza pekee, na wanaopokelewa mara nyingi husamehewa ada na kupewa posho kwa kufanya kazi ya utafiti au ufundishaji. Uzamili huko, kinyume chake, aghalabu hujilipia. Mwombaji mwenye msingi imara wa utafiti asipuuze njia hiyo kwa sababu tu jina lake ni kubwa.

Wapo mawakala waaminifu. Hata hivyo, wakala huweza kulipwa na chuo kwa kila mwanafunzi anayempeleka, hivyo ushauri wake si lazima uwe kwa faida yako. Muulize waziwazi analipwa na nani. Malipo ya ada yaende kwenye akaunti ya chuo au kwa namba ya kumbukumbu iliyotolewa na chuo, kamwe si kwenye simu ya mtu binafsi. Usimwachie mtu nywila yako ya mfumo wa maombi wala vyeti halisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje.

6. Mambo yakienda kombo

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mtoa huduma kumpotosha mlaji. Lakini haki bila ushahidi ni ngumu kuidai. Hifadhi tangazo lililokuvutia, barua ya udahili, mchanganuo wa ada, stakabadhi za malipo na mawasiliano yote. Anza kwa kulalamika kwa maandishi chuoni na kutaja tarehe unayotarajia jibu. Usiporidhika, peleka suala la ithibati TCU. Udanganyifu wa fedha uripotiwe Polisi.

Orodha ya kuhakiki kabla ya kulipa

– Nimethibitisha na mamlaka husika kwamba chuo na programu vinatambuliwa.
– Nimesoma orodha ya kozi zote na zinalingana na kazi ninayoitaka.
– Ninajua gharama yote, pamoja na ada ya kuongezewa muda.
– Nina ruhusa ya mwajiri kwa maandishi.
– Nina swali moja la utafiti linaloweza kuelezwa kwa sentensi mbili.
– Ninalijua jina la mtu anayeweza kunisimamia.
– Ninalipa kwa chuo chenyewe, na ninapata stakabadhi.

Ikiwa hata jibu moja ni "bado", subiri. Dirisha la udahili hufunguliwa tena. Fedha na miaka iliyokwisha kutumika ni vigumu kuipata tena.